Kununua Ubunifu, Kupoteza Uamuzi: Kampuni za Programu Mikononi mwa Mashirika Makubwa

Shirika kubwa linaponunua kampuni ndogo ya programu, mkataba huorodhesha mali yote inayohamia kwa mmiliki mpya: msimbo wa programu, hataza, jina la biashara, mikataba ya wateja, seva na madeni. Mawakili na wahasibu wanajua kuvihesabu vitu hivyo. Lakini kilichoifanya kampuni hiyo itamaniwe hakimo katika orodha. Ni kikundi cha watu wachache wanaowajua watumiaji wao, wanaoielewa programu waliyoiandika mstari kwa mstari, na wenye mamlaka ya kuibadilisha leo bila kumwomba mtu ruhusa. Ujuzi na mamlaka hayo ndivyo vilivyoizaa bidhaa, na mara nyingi ndivyo vinavyopotea kwanza baada ya saini kutiwa.

Bidhaa nyingi zilizofifia baada ya kununuliwa hazikukosa fedha wala wahandisi. Shirika lililozinunua lilikuwa navyo vyote viwili kwa wingi. Zilichokosa ni mtu mwenye ujuzi aliyeruhusiwa kuamua.

Sababu za kununua

Shirika hununua kampuni ya programu kwa sababu nne hivi. Huenda linataka bidhaa ambayo lingechukua miaka kuitengeneza lenyewe. Huenda linataka watumiaji, hasa vijana ambao bidhaa zake za zamani haziwavutii tena. Huenda linataka wahandisi tu, na katika hali hiyo bidhaa yenyewe hufungwa muda mfupi baada ya ununuzi. Au linaogopa: likichelewa, mshindani atanunua, au kampuni hiyo changa itakua na kuwa mshindani yenyewe.

Sababu hizi huchanganyika, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Bodi ya wakurugenzi huidhinisha ununuzi kwa sababu moja, idara ya fedha hupiga hesabu zake kwa sababu nyingine, na meneja atakayeipokea kampuni mpya hana habari ya makubaliano hayo. Waasisi nao wameuza wakiwa na ahadi ya mdomo kwamba wataachwa waendelee na kazi yao. Kila upande unaamini umeelewana na mwenzake, na tofauti haijitokezi mpaka bajeti ya kwanza ipangwe.

Namna uamuzi unavyohama

Uamuzi huhama kwa njia tano, na kila moja ina hoja inayosikika ya busara.

Njia ya kwanza ni ngazi za uongozi. Mwasisi aliyezoea kuamua mwenyewe hujikuta chini ya meneja wa kitengo, ambaye naye yuko chini ya makamu wa rais, ambaye yuko chini ya mkurugenzi mtendaji. Pendekezo linalohitaji watu au fedha hupanda ngazi zote hizo na kushuka tena. Katika huduma za intaneti, ambako mshindani anaweza kutoa toleo jipya kila wiki, kusubiri jibu kwa miezi mitatu kunatosha kuachwa nyuma.

Njia ya pili ni kamati. Idara ya sheria, ya usalama na ya chapa kila moja ina haki ya kukataa jambo, na hakuna inayosifiwa kwa kulikubali. Kila idara inatimiza wajibu wake kwa uaminifu, lakini zikijumlishwa zote, kazi ya siku mbili inajadiliwa robo mwaka nzima.

Njia ya tatu ni mifumo ya pamoja. Shirika lina mfumo wake wa akaunti, wa malipo na wa seva, na mara nyingi lugha zake za kuandikia programu. Kampuni iliyonunuliwa hutakiwa kuhamia huko. Kwa mwaka mmoja au miwili wahandisi wake bora huandika upya kile kilichokuwa kikifanya kazi vizuri, huku washindani wakiandika vitu vipya. Mtumiaji hapati chochote katika kazi hiyo.

Njia ya nne ni kipimo cha mafanikio. Kampuni changa hujipima kwa ongezeko la watumiaji na kwa jinsi wanavyorudi kila siku. Ndani ya shirika hupimwa kwa mapato ya robo mwaka, ikilinganishwa na vitengo vinavyoingiza mabilioni ya dola. Kwa kipimo hicho haiwezi kushinda, basi hunyimwa watu na fedha, na kwa kunyimwa huko ukuaji wake hudumaa kweli.

Njia ya tano ni hisa zinazotolewa kwa awamu. Ili waasisi wasiondoke mara tu baada ya kulipwa, sehemu ya malipo yao huenezwa katika miaka kadhaa. Nia ni kuwabakiza. Lakini mtu aliyenyang'anywa mamlaka akabakizwa na fedha hukaa akisubiri awamu ya mwisho. Ikishalipwa, huondoka, na wahandisi aliowaajiri humfuata.

Danger na Microsoft

Kampuni ya Danger iliasisiwa huko Palo Alto, California, na Andy Rubin, Joe Britt na Matt Hershenson. Simu yake, iliyouzwa nchini Marekani na T-Mobile kuanzia mwaka 2002 na kujulikana kwa jina la Sidekick, ilitangulia wenzake kwa miaka kadhaa. Skrini yake ilizunguka na kufichua kibodi kamili. Barua pepe, ujumbe wa papo kwa papo na kurasa za intaneti vilipatikana humo miaka mitano kabla ya iPhone. Mtumiaji aliweza hata kuchagua programu za ziada kwenye orodha, akazipakua na kuzilipia katika bili yake ya simu. Majina, picha na kalenda vilihifadhiwa katika seva za Danger, na simu ilibeba nakala tu. Aliyepoteza simu alinunua nyingine, akaingia katika akaunti yake na kukuta vitu vyake vyote.

Mwaka 2008 Microsoft iliinunua Danger kwa bei iliyotajwa kuwa karibu dola milioni 500. Wahandisi wake waliingizwa katika mradi wa simu za vijana, ambazo baadaye ziliitwa Kin. Mfumo endeshi wa Danger ulitegemea Java, teknolojia ya kampuni ya Sun, na Microsoft haikuwa tayari kujenga simu yake juu ya msingi wa mshindani. Kazi ilianza upya juu ya Windows CE. Wakati huohuo kitengo kingine cha Microsoft kilikuwa kikitengeneza Windows Phone 7, na miradi hiyo miwili ilishindania wahandisi na uangalizi wa wakuu walewale. Manahodha wengi, chombo huenda mrama: Kin ilichelewa, na kila mwezi wa kuchelewa uliwapa Apple na Google nafasi ya kusonga mbele.

Simu za zamani za Sidekick nazo bado zilikuwa mikononi mwa wateja. Oktoba 2009 seva zilizohifadhi data zao ziliharibika. T-Mobile iliwatangazia wateja kwamba data ambazo hazikuwa tena ndani ya simu zao karibu hakika zimepotea, na ikawasihi wasitoe betri wala kuacha chaji iishe, maana nakala iliyobaki ndani ya simu ingefutika. Siku chache baadaye Microsoft ilisema imefanikiwa kurejesha sehemu kubwa ya data hizo. Lakini ahadi ambayo simu hiyo ilijengwa juu yake, kwamba vitu vya mtu viko salama hata simu ikipotea, ilikuwa imevunjika.

Kin zilizinduliwa Aprili 2010 na kuanza kuuzwa na Verizon mwezi Mei. Hazikuwa na duka la programu, kitu ambacho Sidekick ilikuwa nacho miaka mingi kabla. Kifurushi cha data kilimgharimu mteja dola 30 kwa mwezi, sawa na cha simu janja kamili. Tarehe 30 Juni 2010 Microsoft ilitangaza kusitisha mradi huo. Kin hazikumaliza miezi miwili sokoni.

Thamani ya mfano huu inaongezeka ukiwekwa kando ya mwingine. Rubin alikuwa ameondoka Danger mapema, na mwaka 2003 aliasisi Android pamoja na Rich Miner, Nick Sears na Chris White. Google iliinunua kampuni hiyo mwaka 2005, ikiwa ndogo sana na bila bidhaa yoyote sokoni. Rubin aliachiwa kikundi chake akiongoze. Apple ilipoonyesha iPhone Januari 2007, kikundi hicho kiliweka kando simu ya vitufe kilichokuwa kikiiandaa na kuelekeza nguvu kwenye simu ya skrini ya kugusa, na Google ikakubali gharama ya kuchelewa huko. Simu ya kwanza ya Android ilitoka mwaka 2008, ikauzwa na T-Mobile ileile ya Sidekick. Leo Android ndiyo mfumo endeshi wa simu nyingi zaidi duniani, na ndio ulio katika simu janja nyingi za Afrika Mashariki. Asili ya ujuzi ilikuwa moja, na mashirika yote mawili yalikuwa na fedha. Katika shirika moja uamuzi ulibaki kwa wajuzi, katika jingine ulihamishwa.

Flickr na Yahoo

Flickr ilizaliwa Vancouver, Kanada, mwaka 2004, ikiwa tunda la mchezo wa kompyuta ambao waasisi wake, Stewart Butterfield na Caterina Fake, walikuwa wakiutengeneza. Ilikuwa mahali pa kuweka picha, lakini nguvu yake ilikuwa katika jumuiya: watu walizipa picha za wenzao majina na vitambulisho, wakaunda vikundi, wakasifiana na kufundishana. Yahoo iliinunua Machi 2005.

Kwa Yahoo, hazina ilikuwa mamilioni ya picha zilizokwisha kupangwa na watumiaji wenyewe, ambazo zingeweza kutafutwa kirahisi. Jumuiya haikuwa na safu yake katika hesabu. Matakwa ya kwanza makubwa kwa watumiaji wa zamani yalikuwa ya kiutawala: waliojiunga kabla ya ununuzi walitakiwa kufikia Machi 2007 wawe wameingiza akaunti zao katika mfumo wa utambulisho wa Yahoo, la sivyo wasingeweza kuingia tena. Kwa shirika lilikuwa jambo la kurahisisha mifumo. Kwa wale waliokuwa wameijenga Flickr kwa picha na maoni yao, ulikuwa ujumbe kwamba mwenye nyumba amebadilika, na malalamiko yalikuwa makali.

Kazi ya kuunganisha mifumo ilikula muda ambao ungetumika kwa uvumbuzi. Butterfield na Fake waliondoka mwaka 2008. Programu ya Flickr ya iPhone haikutoka mpaka mwaka 2009. Oktoba 2010 Instagram ilizinduliwa na kuwapa watu wenye simu kile hasa ambacho Flickr ilikuwa imewapa watu wenye kompyuta. Mwaka 2013 Yahoo ilijaribu kurudisha watumiaji kwa kuwapa kila mmoja terabaiti moja ya nafasi bila malipo, na wengi wakaweka humo picha za maisha yao. Flickr iliuzwa kwa SmugMug mwaka 2018, na mmiliki mpya, asiyeweza kubeba gharama ya ukarimu huo, akatangaza kwamba akaunti za bure zitabeba picha 1,000 tu. Waliokuwa na zaidi walipaswa kulipa au kuhamisha picha zao.

Butterfield alianzisha kampuni nyingine ya mchezo, na kutokana nayo ikatoka Slack, programu ya mawasiliano ya kazini ambayo Salesforce iliinunua mwaka 2021 kwa karibu dola bilioni 27.7. Mtu mwenye uwezo wa kugeuza mchezo ulioshindikana kuwa bidhaa kubwa, na kufanya hivyo mara mbili, alikuwa mwajiriwa wa Yahoo kwa takriban miaka mitatu. Yahoo ilimiliki msimbo wake na haikujua la kufanya na kipaji chake.

Skype na wamiliki wake

Skype ilianza mwaka 2003. Waasisi wake walikuwa Niklas Zennström wa Sweden na Janus Friis wa Denmark, na programu yenyewe iliandikwa na wahandisi wa Estonia. Iliwawezesha watu kuzungumza bure kupitia intaneti wakati dakika moja ya simu ya kimataifa ilikuwa ghali. Familia za Zanzibar na Mombasa zenye ndugu Maskati au London ziliisikia tofauti hiyo mfukoni.

eBay iliinunua mwaka 2005 kwa dola bilioni 2.6, kwa hoja kwamba wanunuzi na wauzaji katika soko lake la mtandaoni wangependa kuzungumza kabla ya kukubaliana bei. Hoja hiyo haikuthibitika. Mnunuzi wa mnadani hutaka picha, bei na sifa ya muuzaji, na mara nyingi hapendi kuongea na mtu asiyemjua. Mwaka 2007 eBay ililazimika kutangaza hasara ya dola bilioni 1.4 katika hesabu zake kutokana na ununuzi huo. Kulikuwa na kosa jingine la msingi zaidi: teknolojia iliyounganisha kompyuta za watumiaji moja kwa moja ilibaki mali ya Joltid, kampuni ya waasisi walewale, na eBay iliitumia kwa leseni tu. Mzozo wa leseni hiyo ulifika mahakamani mwaka 2009, wakati eBay ikitafuta kuuza, na ulimalizika kwa waasisi kurudishiwa sehemu ya umiliki.

Microsoft iliinunua Skype mwaka 2011 kwa dola bilioni 8.5. Programu iliandikwa upya ili itegemee seva za shirika, sura yake ikabadilishwa mara kadhaa, na jina lake likatumiwa kwa bidhaa nyingine ya maofisini, Skype for Business. Mwaka 2017 Microsoft ilizindua Teams, na Skype ikawa na mshindani ndani ya nyumba. Ugonjwa wa korona ulipoifungia dunia majumbani mwaka 2020, watu walihitaji kile hasa ambacho Skype ilikuwa imewafundisha kukitumia, lakini wengi walikimbilia Zoom. Tarehe 5 Mei 2025 Skype ilifungwa. Jina lililokuwa limekuwa kitenzi katika lugha nyingi halikuwa na mtetezi ndani ya shirika lililolimiliki.

Programu huria na nguvu ya kuondoka

Katika programu huria, zinazoandikwa na jumuiya na kutolewa kwa leseni inayoruhusu kila mtu kuzitumia na kuzibadilisha, ununuzi una matokeo tofauti. Oracle iliponunua Sun Microsystems mwaka 2010, ilipata pia OpenOffice na hifadhidata ya MySQL. OpenOffice ilikuwa na historia hata Tanzania: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa toleo lake la Kiswahili, Jambo OpenOffice.

Wachangiaji wakuu wa OpenOffice hawakuridhika na namna Oracle ilivyoushughulikia mradi. Septemba 2010 waliunda taasisi yao, Document Foundation, wakachukua msimbo kama leseni ilivyoruhusu na kuuendeleza kwa jina la LibreOffice. Oracle ilibaki na jina bila watu, na mwaka 2011 ikaukabidhi mradi kwa taasisi ya Apache. Michael Widenius, mmoja wa waasisi wa MySQL, alikuwa tayari ameanzisha MariaDB kutokana na msimbo uleule, na Wikipedia ilikuwa miongoni mwa waliohamia huko. Pale ambapo sheria inawaruhusu wajuzi kuondoka na kazi yao, bidhaa huokoka hata mmiliki akikosea. Watumiaji wa Flickr na Skype hawakuwa na mlango huo.

Ununuzi uliofanikiwa

Google ilikuwa na huduma yake ya video, Google Video, ilipoinunua YouTube mwaka 2006 kwa dola bilioni 1.65. Badala ya kuilazimisha YouTube iungane na huduma hiyo, iliiacha ikue na baadaye ikaifunga ya kwake. Facebook ilikubali kulipa dola bilioni 1 mwaka 2012 kwa Instagram, kampuni ya watu 13, na kuwaachia waasisi wake, Kevin Systrom na Mike Krieger, uongozi.

Mifano hii, pamoja na Android, inafanana katika mambo matatu: kiongozi wa awali au aliyekubaliwa na kikundi aliendelea kuamua, kikundi kilikuwa na bajeti yake, na, pale shirika lilipokuwa na bidhaa yake ya aina hiyo, bidhaa iliyonunuliwa iliruhusiwa kushindana nayo, na hata kuishinda. Jambo la tatu ndilo gumu zaidi, kwa sababu linamtaka mkuu wa kitengo cha zamani akubali kupungukiwa.

Uhuru wa aina hii pia hauna uhakika ukiwa ni wa mdomo. Systrom na Krieger waliondoka Facebook mwaka 2018. Brian Acton, mmoja wa waasisi wa WhatsApp, iliyonunuliwa na Facebook mwaka 2014 kwa dola bilioni 19, aliondoka mwaka 2017, na baadaye akaeleza hadharani kwamba alitofautiana na wakuu wake kuhusu matangazo ya biashara ndani ya huduma hiyo. Mwenzake Jan Koum alifuata mwaka 2018.

Kwa nini kosa hurudiwa

Maofisa wanaosaka kampuni za kununua husifiwa siku ya saini, na wakati hasara inapoonekana wameshahamia ununuzi mwingine. Meneja anayepokea kampuni hupimwa kwa matokeo ya kitengo chake kizima, basi ni busara kwake kuwachukua wahandisi wapya na kuwapangia kazi za zamani. Hasara huandikwa mara moja katika hesabu na kusahauliwa. Mwaka 2019 huduma ya blogu ya Tumblr, ambayo Yahoo iliinunua kwa dola bilioni 1.1 mwaka 2013, iliuzwa kwa bei ambayo vyombo vya habari viliitaja kuwa chini ya dola milioni 3. Anayebeba gharama isiyoandikwa ni mtumiaji, aliyekabidhi picha zake, majina ya marafiki zake na mazoea ya miaka mingi kwa kampuni aliyoichagua, akajikuta mikononi mwa nyingine ambayo hakuichagua.

Kwa hiyo masharti yanayofaa kuandikwa kabla ya saini yako wazi. Mkataba utaje kwa jina nani anaamua kuhusu bidhaa, na kwa muda gani. Bajeti ya kikundi itengwe kwa miaka kadhaa bila kulinganishwa na vitengo vikubwa. Uhamiaji wa mifumo ufanyike pale tu unapomfaa mtumiaji. Umiliki wa teknolojia ya msingi uhakikiwe, ili lisirudiwe kosa la eBay. Na watumiaji wahakikishiwe haki ya kuchukua data zao kwa urahisi, iwe huduma inaendelea au inafungwa. Muuzaji naye ana wajibu: mwasisi anayewajali waliomwamini hudai masharti haya wakati bado ana cha kuuza, kwa kuwa baada ya saini hana tena nguvu ya kudai. Shirika lisiloweza kuyakubali litapata nafuu zaidi likinunua leseni ya kutumia programu na kuiacha kampuni isimame yenyewe.